Wiki Sita na Pengwini wa Cape Town



Leo naweka kando seva na hifadhidata. Wengi wenu mmeniuliza ile safari ya Afrika Kusini ilikuwaje, na swali linalorudi kila mara ni hili: mwandishi wa programu kutoka Kenya anatafuta nini katika nchi ya watu, akilisha ndege bila mshahara, na nauli amejilipia mwenyewe? Swali ni la haki. Nitalijibu, ila polepole, kwa sababu ndani ya jibu mna samaki, mna mawimbi ya redio, na mna mjomba wangu.

Kwanza habari yenyewe. Novemba 2024 mkataba wangu wa kazi jijini Nairobi ulifika mwisho. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiandika programu za malipo: pesa zinatoka simu hii, zinaingia simu ile, na kazi yangu ni kuhakikisha hazipotei njiani. Ni kazi nzuri, lakini ukiifanya miaka mitatu mfululizo unaanza kuona dunia nzima kama safu za jedwali. Mkataba mpya ulikuwa uanze Januari. Nilikuwa na akiba kidogo na wiki kadhaa mkononi. Nikaomba nafasi ya kujitolea katika kituo cha SANCCOB, Cape Town, nikakubaliwa.

SANCCOB ni shirika linalotibu ndege wa baharini. Lilianzishwa mwaka 1968 na mama mmoja aitwaye Althea Westphal, baada ya mafuta ya meli kumwagika na pengwini kuonekana ufukweni wakiwa weusi tititi kwa lami. Hospitali yake ya ndege iko Table View, kitongoji kilichoko kaskazini mwa Cape Town, ng'ambo ya ghuba. Ukisimama ufukweni pale unaona Mlima Meza upande mmoja na Kisiwa cha Robben upande wa pili, kile ambako Nelson Mandela alifungwa miaka 18 kati ya ile 27. Kisiwa hicho hicho kina pengwini. Walikuwa wametoweka hapo kwa muda mrefu sana, wakarudi wenyewe kuzaliana mwaka 1983, wakati bado kuna wafungwa.

Ndiyo, Afrika ina pengwini wake. Si wale wa barafuni unaowaona kwenye televisheni. Huyu ni mfupi, anafika magotini mwako au kupita kidogo, ana uzito wa kilo tatu hivi, na anaishi Afrika Kusini na Namibia tu. Hakuna kwingine duniani. Sauti yake ni ya punda. Nasema punda kwa maana kamili: ukizungusha kanda ya punda wa Lamu na kanda ya pengwini wa Cape Town, sidhani utatofautisha haraka.

MAMA NA MABATI

Nilipomwambia mama, alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Wazungu ndio hujitolea. Sisi hutafuta kazi."

Maneno hayo yalinikaa. Kwetu pwani tumewazoea vijana wa kigeni wanaokuja kujitolea. Wanapaka rangi madarasa, wanafundisha Kiingereza wiki tatu, wanahesabu kasa, wanapiga picha na watoto, wanarudi kwao. Hatuwaulizi kwa nini wamekuja. Tunachukulia kwamba mtu wa Ulaya ana ruhusa ya kuzaliwa nayo ya kwenda popote na kujali chochote. Lakini Mkenya akisema anakwenda nchi nyingine kusaidia ndege, watu humtazama kama mtu aliyepungukiwa na shughuli.

Na mama alikuwa na hoja yake. Bati za jikoni Kilifi zilikuwa zimetoboka, na msimu wa vuli ulikuwa umeanza. Niliezeka jikoni kwanza, ndipo nikakata tiketi. Hata hivyo swali lake halikuezekwa pamoja na bati. Nilisafiri nalo.

Kama nawe unafikiria safari ya aina hii: tangu Januari 2023 Mkenya anaweza kuingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi, siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Lakini kujitolea kituoni si matembezi matupu, kwa hivyo niliuliza ubalozini kabla ya kulipa chochote na nikabeba barua zote. Afisa wa uhamiaji uwanjani Cape Town alizisoma, akaniangalia, akauliza, "Umetoka Kenya, nchi ya simba na ndovu, umekuja kuona pengwini?" Nikamjibu kwamba ndovu nimewaacha salama. Akacheka, akagonga muhuri. Begi langu kubwa lilikuwa limebaki njiani na lilinifuata siku mbili baadaye. Kipakatalishi kilikuwa mgongoni, suruali zilikuwa kwenye begi. Mwanaprogramu halisi!

SAA ZINAZOKATAA KUHESABIKA

Tofauti ya saa kati ya Nairobi na Cape Town ni saa moja tu: sisi tuko UTC+3, wao wako UTC+2. Kwa tarakilishi hilo ni jambo dogo. Kwa Mswahili ni jambo kubwa, kwa sababu saa zetu zinaanzia jua linapochomoza. Kwetu jua lina adabu: linatoka karibu na saa kumi na mbili asubuhi, linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Table View, katikati ya Novemba, saa moja na nusu usiku jua bado linaning'inia juu ya bahari kama mgeni asiyejua kuaga. Ungesema "saa moja na nusu usiku" huku umekunja uso kwa mwanga? Kuelekea Krismasi lilikuwa likizama saa mbili. Nilianza kusema "saa mbili ya jua," na mama akadhani nimechanganyikiwa.

Upepo nao. Kiangazi cha huko huja na upepo wa kusini-mashariki ambao hauombi ruhusa. Siku ya kwanza nilitembea kutoka kituo cha basi nikiwa nimeinama kama mtu anayesukuma mkokoteni. Mabasi yenyewe, MyCiTi, yana njia yao peke yao na unalipa kwa kadi. Hakuna makanga, hakuna muziki, hakuna "beba beba". Safari ni ya raha, lakini kimya kile kilinipa upweke wa ajabu.

Kilichoniliwaza ni lugha. Mfanyakazi mmoja wa kituo, mama wa Kixhosa wa makamo, alinifundisha kusalimu: "Molo" kwa mtu mmoja, "Molweni" kwa wengi, "Enkosi" kwa shukrani. Kisha tukaanza mchezo wa kulinganisha. Maji kwao ni amanzi. Watu ni abantu. Nyama ni inyama. Ng'ombe ni inkomo. Kila tulipopata neno moja tulipiga kofi kama watu waliookota ndugu. Nilimwita Mama, akaniita "mntanam", na nilipouliza maana nikaambiwa ni "mwanangu". Sikuhitaji kamusi zaidi.

KAZI YENYEWE

Swali la kwanza kuulizwa halikuwa la elimu wala la ujuzi. Lilikuwa: je, nyumbani unafuga kuku, na ni lini umewagusa mara ya mwisho? Homa ya mafua ya ndege imeshaua ndege wengi wa baharini Afrika Kusini, pengwini wakiwemo, kwa hivyo kila anayeingia hukanyaga dawa ya kuua vijidudu na hubadilisha nguo. Kuku wa mama wako Kilifi, kilomita maelfu, na bado niliwaeleza habari zao kwa uangalifu kama niko kizimbani.

Kisha unavaa: suruali na koti za plastiki kama za mvuvi, mabuti ya mpira, glavu nene na kinga za mikono. Pengwini ana mdomo wenye makali kama mkasi, na hajui kwamba umelipa nauli kuja kumsaidia.

Kulisha hufanyika hivi. Unakaa chini, unambana ndege katikati ya magoti bila kumkandamiza, mkono mmoja unashika kichwa kwa nyuma, mwingine unaingiza dagaa, kichwa kikitangulia ili mapezi na magamba yasikwaruze koo. Wale dagaa ni wakubwa, aina ya sadini. Ndege mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine. Wakati wa kuogelea unawapeleka kwenye kidimbwi, unaangalia saa, unawatoa. Katikati ya hayo yote unasugua. Sakafu, mikeka, vikapu, taulo, ndoo. Nathubutu kusema theluthi mbili za kutunza wanyama pori ni kufua. Ukirudi nyumbani jioni, basi zima linajua ulikotoka. Kiti cha pembeni yako hakikaliwi.

Tulikuwa na vifaranga wengi, na sababu yake inafaa kuelezwa. Pengwini hubadilisha manyoya yote kwa mkupuo mara moja kwa mwaka. Kwa wiki tatu hivi manyoya yake hayazuii maji, kwa hivyo hawezi kuingia baharini, kwa hivyo hali. Lazima anenepe kabla. Ikiwa samaki ni haba, kuzaa kunachelewa, na wakati wa kubadilisha manyoya unafika kabla kifaranga hajaweza kujitegemea. Mzazi hana hiari. Mwili unamwita, anasimama nchi kavu akifunga, na kifaranga anakufa njaa hatua chache kutoka kwake. Tangu 2006 SANCCOB imekuwa na mradi wa kuwachukua vifaranga hao, kuwalea hadi wawe na uzito na manyoya ya bahari, na kuwarudisha. Novemba na Desemba ndiyo miezi yao.

NA TEKINOLOJIA JE?

Najua mmesubiri sehemu hii.

Tarehe 23 Juni 2000, meli iitwayo Treasure ilizama kati ya visiwa vya Robben na Dassen, katikati kabisa ya makazi ya pengwini. Takriban ndege 19,000 walipakwa mafuta. Mafuta yakiingia kwenye manyoya, maji baridi hufika kwenye ngozi. Ndege akijisafisha kwa mdomo anayameza. Maelfu ya watu walijitokeza kuosha. Lakini kulikuwa na tatizo la pili: pengwini wengine 19,500 hivi walikuwa safi, wakizungukwa na bahari chafu. Utawaweka wapi?

Suluhisho lilikuwa la kijanja. Waliwabeba kwa malori hadi karibu na Port Elizabeth, mji unaoitwa sasa Gqeberha, kilomita zipatazo 800, wakawaachia baharini. Pengwini hupenda kwao. Walianza kuogelea kurudi, na muda waliotumia njiani ndio uliotumika kusafisha visiwa. Watatu kati yao, walioitwa Peter, Pamela na Percy, walifungwa vifaa vya setilaiti, na Chuo Kikuu cha Cape Town kikaweka safari yao kwenye tovuti. Watu wa nchi nyingi waliwafuatilia siku baada ya siku hadi walipofika. Fikiria, mwaka 2000! Wakati huo sisi tulikuwa tunalipia dakika kwenye saiba, ukurasa mmoja unafunguka huku umemaliza soda. Na zaidi ya tisa kwa kila kumi ya ndege waliopakwa mafuta walipona na kuachiliwa.

Leo vifaa ni vidogo zaidi. Kila pengwini anayetoka kituoni huwekwa chini ya ngozi chipu ndogo kama punje ya mchele. Haina betri. Inalala kimya maisha yote ya ndege, na kisomaji kikipita karibu, mawimbi yake ndiyo yanayoipa nguvu ya kutaja nambari yake. Kwenye baadhi ya makazi kuna visomaji vilivyofukiwa ardhini kwenye vijia ambavyo ndege hupita wakienda baharini. Anapita, anahesabiwa, hana habari.

Kabla ya hapo walivishwa bangili za chuma kwenye bawa. Zilisomeka kwa darubini, zilikuwa rahisi, na zilitumika miaka mingi. Kisha mwaka 2011 jarida la Nature likachapisha matokeo ya miaka 10 ya kufuatilia aina nyingine, pengwini wafalme: waliovishwa bangili walipata vifaranga pungufu kwa asilimia 39, na kuishi kwao kulipungua kwa asilimia 16. Bangili ilikuwa ikiwachosha majini. Wanaprogramu, hili tunalijua: ukiiwekea programu yako ufuatiliaji mzito mno, unakuwa unapima uzito wa kipimo chako mwenyewe.

Kuna njia ya tatu iliyonifurahisha zaidi. Kila pengwini wa Afrika ana madoadoa meusi kifuani, na hakuna wawili wanaofanana, kama alama za vidole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walitengeneza programu inayosoma madoa hayo kwa kamera na kumtambua ndege, wakaijaribu Kisiwa cha Robben, wakaitangaza 2008. Humgusi, humvishi, humchomi. Anatembea tu mbele ya kamera na kifua chake ndicho kitambulisho. Baada ya kusikia hilo, kila niliyemshika magotini nilimkagua kifua kwanza.

KARATASI MLANGONI

Sasa mtaniuliza: wewe mwenyewe uliandika programu gani huko? Sikuandika hata mstari. Nilisugua.

Kila banda lilikuwa na karatasi mlangoni: nambari za ndege, uzito, dagaa walioliwa, dawa. Niliitazama karatasi hiyo kwa jicho la kazi yangu. Glavu zimelowa, mikono ina mafuta ya samaki, sauti za punda masikioni. Hakuna kioo cha simu kinachoitikia kidole cha aina hiyo. Penseli inaitikia. Karatasi ikianguka majini unaianika. Na yeyote anayepita anaiona bila nenosiri. Nimekaa kwenye mikutano mingi ambapo chombo kama hicho kingefutwa kwa sababu tu ni cha zamani. Siku hizi mteja akiniambia "tunatumia daftari," naomba kwanza kuliona daftari.

Kulikuwa na kifaranga nambari 47. Aliletwa akiwa na gramu 1,140, mifupa mitupu na macho makali. Nilimlisha wiki ya kwanza na ya pili. 1,210. 1,290. 1,385. Mtu aliyezoea grafu hupata furaha ya kijinga akiona nambari zinapanda. Wiki ya tatu: 1,360. Kesho yake 1,310. Alianza kupumua mdomo wazi. Daktari alisema ni ukungu wa mapafu, ugonjwa unaowapata pengwini waliodhoofika, na ni mgumu kuutibu. Siku mbili baadaye nilifika asubuhi nikakuta mstari umepigwa juu ya nambari yake kwa rula.

Sikulia, kama mnataka kujua. Nilienda kufua taulo, nikafua nyingi kuliko zilizohitajika. Mama yule wa Kixhosa alikuja akasimama karibu, akachukua upande mmoja wa taulo, tukakamua pamoja. Hakusema neno. Mchana wa siku hiyo hiyo ndege kumi na mmoja walipita kipimo cha mwisho: damu safi, uzito mzuri, na maji yanateleza juu ya manyoya bila kuingia. Karatasi yao nayo ilipigwa mstari. Ukiangalia kwa mbali, mistari hiyo inafanana.

MJOMBA

Jioni ile nilimpigia mjomba. Mjomba wangu amevua samaki Kilifi tangu kabla sijazaliwa. (Kwa wapenda nyaya: mwaka 2009 SEACOM iliiunganisha Mombasa na Mtunzini, Afrika Kusini, chini ya bahari ile ile anayovua yeye. Sura yake ilikuwa inagandaganda, lakini alionekana.)

"Hula nini hao ndege wako?" akauliza.

"Dagaa, mjomba."

"Dagaa hawa hawa?"

"Ndugu zao. Sadini."

"Na wamepungua?"

Nikamweleza. Karne moja iliyopita pengwini hawa walikuwa zaidi ya milioni moja. Kwanza watu walichota mayai yao kwa kula, wakachota na samadi waliyochimba viota ndani yake, ikauzwa kama mbolea. Sasa shida kubwa ni chakula: samaki wamehamia mashariki bahari inapobadilika, na waliobaki wanavuliwa na meli kubwa. Jozi zinazozaliana zimebaki chini ya 10,000. Oktoba 2024, mwezi mmoja kabla sijafika, pengwini wa Afrika aliwekwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, ngazi ya mwisho kabla ya kuisha porini. Wataalamu wameonya kwamba hali isipobadilika anaweza kuisha porini kufikia 2035.

Mjomba akafikiri. Kisha akasema, "Mimi dagaa wakihama nahama nao. Nimewahi kufika Pemba nikiwafuata. Huyo ndege ana kifaranga nyumbani, atahamia wapi?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesoma ripoti nyingi kuhusu jambo hilo, na zote zilisema alichosema mzee huyu kwa pumzi moja. Pengwini mwenye kifaranga hawezi kwenda mbali. Lazima arudi na tumbo lililojaa. Kilomita chache zinazozunguka kisiwa chake ndizo maisha yake. Ndiyo maana mzozo ulikuwa juu ya ramani: meli za dagaa zisogee umbali gani kutoka visiwani? Mashirika mawili, BirdLife South Africa na SANCCOB, yalikwenda mahakamani yakisema mipaka iliyowekwa haikufuata sayansi. Machi 2025, nikiwa nimesharudi Nairobi, pande zote pamoja na vyama vya wavuvi zilikubaliana, na Mahakama Kuu ya Pretoria ikaufanya mkataba huo kuwa amri: maeneo yanayozunguka makazi sita makubwa yafungwe kwa uvuvi wa sadini na dagaa wenzake, kwa miaka kumi.

Nilimtumia mjomba habari hiyo. Alijibu kwa neno moja: "Afadhali." Halafu dakika moja baadaye: "Na sisi watuwekee."

JIBU LA MAMA

Kwa hivyo, kwa nini niende? Nimempa mama jibu langu, nami nawapa ninyi lile lile.

Nilienda kwa sababu nina mikono miwili na wiki sita, na pale palikuwa na kazi inayohitaji mikono. Nilienda pia kwa sababu mnyama huyu ni wa Afrika, na sioni kwa nini kumhurumia kuachwe kuwa jambo la wageni. Tukikubali kwamba kujali ni anasa ya watu wa mbali, basi wao ndio watakaoamua nini kibaki na nini kiondoke, hata kwetu. Mama alisikiliza yote. Akasema, "Sawa. Lakini ungewaleta wawili watatu tuwaone." Huo ndio ukubali wake.

Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo ningemwambia:

1. Si lazima kuvuka mpaka. Nairobi kuna wakfu wa Sheldrick, ulioanzishwa 1977, unaolea ndovu yatima. Watamu kuna Local Ocean Conservation inayotibu kasa, na wavuvi huwapigia simu wanaponasa kasa kwenye nyavu. Uliza kwanza wanahitaji nini.

2. Kama unavuka mpaka, piga hesabu yote kabla: nauli, chakula, malazi, bima, na ada ya kituo. Kituo cha kweli kitakupa kazi chafu. Ukiahidiwa kukumbatia wanyama na kupiga nao picha, jihadhari.

3. Kipakatalishi kibaki begini wiki mbili za mwanzo. Angalia watu wanavyofanya kazi. Ukiona baada ya hapo kwamba kuna programu inayohitajika, utakuwa unajua ni ipi.

4. Beba krimu ya mikono. Maji ya chumvi, sabuni na glavu havina huruma.

5. Jifunze salamu za wenyeji kabla ya jina la mnyama yeyote.

Jumamosi yangu ya mwisho tulipeleka ndege ufukweni ndani ya maboksi ya kadibodi yenye matundu. Unafungua boksi, unarudi nyuma, unanyamaza. Wengine walitoka mbio hadi majini. Mmoja alitoka, akatazama bahari, akatugeukia, akalia kama punda, ndipo akaingia. Ile chipu imo chini ya ngozi yake. Akipita juu ya kisomaji siku moja, mahali fulani nambari itaandikwa kwenye hifadhidata, safu mpya kwenye jedwali.

Haya, wakati ujao nitaeleza namna chipu zisizo na betri zinavyofanya kazi, na kwa nini kadi yako ya basi ni binamu ya pengwini. Maswali yaleteni. Kwaherini kwa sasa.